Walikataa Kutozwa Kodi, Wakatozwa Machozi



Nina jirani yangu hapa Mombasa, kijana wa miaka ishirini na mitano, ambaye kazi yake ni kushona kofia. Sisemi hizi za mashine zinazoletwa kwa mafurushi na kumwagwa juu ya meza wakati wa Ramadhani. Nasema kofia za viua, zile zitobolewazo tundu moja moja kwa sindano, kisha kila tundu likazungushiwa uzi, mpaka kitambaa cheupe kikafanana na sega la nyuki. Kofia moja ya namna hiyo humla mtu majuma, na ajuaye kazi hiyo akiambiwa bei hanung'uniki. Kijana huyu aliipokea kwa babu yake, naye babu aliipokea Lamu kabla ya kuhamia huku kwetu.

Tangu Juni 2024 kijana huyu ana jicho moja.

Mwenye macho mawili hajui ni kitu gani alichonacho. Mimi nami sikujua mpaka nilipomtazama akijaribu kupitisha uzi katika tundu la sindano. Uzi ulikuwa ukienda mbele ya sindano au nyuma yake, haufiki penyewe. Hakuwa akitetemeka mkono. Ni kwamba jicho moja halijui umbali. Laona kitu kilipo kulia na kushoto, juu na chini, lakini halijui ki mbali kadiri gani. Tabibu alinieleza kuwa macho mawili hutazama kitu kimoja kutoka pahali pawili palipoachana kidogo, na akili ndiyo ilinganishayo picha mbili hizo ikajua kina. Likiondoka moja, dunia huwa kama picha iliyobandikwa ukutani. Mtu huzoea baadaye, kwa miezi, akaweza kutembea na kuteremka ngazi. Lakini tundu la sindano si ngazi.

Nitaeleza yaliyompata, lakini kwanza nina neno juu ya neno, maana ukurasa huu ni wa lugha na utamaduni.

Magazeti yetu huita ile gesi ya askari "kitoza machozi". Ni neno zuri, limeundwa barabara. Kutoza ni kumfanya mtu atoe alicho nacho, apende asipende. Ndiyo maana twasema kutoza ushuru, kutoza faini, kutoza kodi. Wazee wa Lamu na Mvita, mashairi yao yashuhudia, macho waliyaita mato, na machozi wakayaita matozi. Basi tazama mambo yalivyokutana mwaka ule wa 2024. Vijana wa Kenya walitoka majiani kwa ajili ya Mswada wa Fedha, wakisema hatutaki kutozwa kodi zaidi. Wakatozwa machozi. Lugha yetu ilikuwa imekwisha kuwaandalia kitenzi kimoja kwa yote mawili.

Na hapa hapana budi nijitaje. Nimo katika kazi hii ya magazeti kwa zaidi ya miaka thelathini, na sijui ni mara ngapi nimeandika sentensi hii: "Polisi walilazimika kutumia vitoza machozi kuwatawanya waandamanaji." Isomeni tena. Walilazimika, nani aliyewalazimisha? Kutawanya, hutawanywa mchele juani, hutawanywa kuku uani. Na "kitoza machozi" chenyewe chasikika kama jambo la jikoni, kama mtu aliyekata vitunguu. Mwisho nilikuwa nikiongeza kuwa "watu kadhaa walipata majeraha madogo madogo", hali sikwenda hospitali yoyote kuyapima udogo wake. Niliyapata maneno hayo kwa walionitangulia kazini, nikawarithisha walionifuata, na hapana mhariri hata mmoja aliyewahi kuniuliza.

Wala sikuwa na udhuru, maana nilikwisha kuionja gesi hiyo mwenyewe. Mwaka 1992, ghasia zilipozuka Mombasa kwa ajili ya chama cha IPK, ambacho serikali ilikataa kukisajili, nilikuwa kijana, nikipita karibu na Mwembe Tayari na msahafu wangu kwapani. Sikuwa katika maandamano, lakini moshi hauulizi. Nilihisi kana kwamba mtu amenipaka pilipili ndani ya mboni, kisha kifua kikabana, makamasi yakanitoka kama mtoto. Bibi mmoja nisiyemjua alifungua mlango wake nusu, akanivuta kwa kanzu, akanimwagia maji ya mtungi usoni bila kusema neno. Baada ya saa moja nilikuwa mzima. Kwa sababu nilipona upesi, miaka yote iliyofuata nilidhani kila mtu hupona upesi.

Kwanza, ile si gesi. Ni unga. Mwaka 1928 wataalamu wawili wa Marekani, Ben Corson na Roger Stoughton, waliitengeneza dawa hiyo, na herufi za mwanzo za majina yao ya ukoo ndizo zilizoipa jina, CS. Ndani ya mkebe huchanganywa na baruti ya kuwaka polepole. Moto huupeperusha ule unga kwa moshi, nao hugandamana na kila chenye unyevu: macho, pua, koo, kwapa, mapafu. Mkebe wenyewe huwa wa moto kiasi cha kuunguza kiganja cha anayeuokota kuurudisha ulikotoka. Uwanjani penye upepo wa bahari watu wengi huponea kwa kukimbia. Lakini ukirushwa ndani ya chumba, au ndani ya kichochoro cha mji wa kale ambamo upepo haupiti, au penye mtoto mchanga na mgonjwa wa pumu, hesabu huwa nyingine.

Kuna jambo moja ambalo kila nikilitaja barazani wazee huweka chini vikombe vya kahawa. Katika mkataba wa mataifa wa mwaka 1993 wa kupiga marufuku silaha za kemikali, nchi ziliahidiana kuwa hazitatumia dawa za namna hii kama njia ya kupigana vita. Lakini mkataba huo huo umeruhusu zitumiwe katika kulinda sheria nchini. Hoja yao ni kuwa vitani moshi wa machozi waweza kudhaniwa ni sumu ya kuua, na adui akajibu kwa sumu ya kuua kwelikweli. Naifahamu hoja. Hata hivyo mzee mmoja aliniuliza, "Yaani adui vitani asirushiwe, mimi nikitoka sokoni nirushiwe?" Sikuwa na jibu, nikamwitishia kahawa nyingine.

Za pili ni risasi za mpira. Hizi zina nasaba yake. Waingereza walipokuwa wakiitawala Hong Kong walikuwa wakitumia vipande vya mti, na mwaka 1970 wakapeleka Ireland ya Kaskazini vya mpira, baadaye vya plastiki. Walisema ni kitu kisichoua. Mpira hupigwa chini ukadunda ukampata mtu miguuni. Katika miaka ya machafuko ya huko watu 17 waliuawa kwa risasi hizo za mpira na za plastiki, wakiwamo watoto. Leo katika nchi nyingine jina "mpira" ni la ganda tu, ndani mna chuma. Waislamu waliokuwa wakisali Masjid al-Aqsa mwezi wa Ramadhani, Mei 2021, walipigwa za namna hiyo, na waliojeruhiwa walihesabiwa kwa mamia. Kashmir mwaka 2016 askari walitumia bunduki za marisau ya kuwindia ndege, na mamia ya watu wakaumia macho.

Mwaka 2017 madaktari walikusanya taarifa zilizochapishwa duniani tangu 1990 juu ya majeruhi wa risasi za mpira, plastiki na za jamii hiyo. Walipata watu 1,984. Kati yao 53 walikufa na 300 walibaki na ulemavu wa maisha, na wengi wa hao wenye ulemavu ni waliopoteza macho. Wale ni walioandikwa na madaktari tu. Aliyefungwa kitambaa na mamaye akalala nyumbani hayumo.

Dosari yake si ngumu kueleza. Risasi ya mpira ikipigwa karibu, nguvu yake hutoboa ngozi na kuvunja fupa la kichwa, ikawa haina tofauti na ya shaba. Ikipigwa mbali, nguvu hupungua, lakini haiendi ilikolengwa. Yapepesuka hewani kama tiara iliyokatika uzi. Basi karibu yaua na mbali yakosa, na katikati ya hayo mawili ndimo askari aliyetishika, mwenye jasho machoni, kati ya mawe na kelele, atakiwamo kupima masafa. Na ajabu ni kwamba mtu akitazama kilichomjia, uso ndio huwa mbele.

Nairobi tarehe 17 Juni 2025 tuliona jambo hilo kwa macho yetu. Siku hiyo watu waliandamana kwa sababu ya mwalimu mmoja aliyefia mikononi mwa polisi. Mchuuzi wa barakoa, aliyekuwa na bidhaa yake mkononi, alipigwa kichwani kwa karibu mno, na mtu mmoja akaipiga picha ya video. Jeshi la polisi lenyewe katika taarifa yake lilisema kuwa ile ilikuwa bunduki ya kuzuia ghasia. Kijana yule alikufa tarehe 30 mwezi ule. Na hata rungu, ambalo ni kongwe kuliko yote, msilidharau: Agosti 2017 huko Kisumu mtoto wa miezi sita alipigwa kichwani ndani ya nyumba ya wazazi wake, akafa.

Sisemi kuwa kila aliyetoka siku zile alikuwa malaika. Palikuwa na wenye mawe, palikuwa na wezi waliovunja maduka ya watu masikini wenzao, na askari nao ni wana wa watu, wako walioumizwa. Ila mwenye jiwe hukamatwa akafikishwa mahakamani. Mkebe ukirushwa hauchagui mwenye jiwe.

Turudi kwa mshona kofia. Alitoka siku ile kwa hiari yake, hakufichi hilo. Alikuwa na bendera ya Kenya mabegani na chupa ya maji mkononi. Asema walikuwa wakiimba, kisha akasikia mlio, akaugeukia. Hakumbuki tena mpaka alipojiona amelala juu ya kibaraza cha duka, wenzake wamemzunguka, mmoja akimwosha jicho kwa maji na mwingine akimkandamiza kwa leso ili damu isimame.

Walimfanyia wema wakamzidishia madhara, wala siwalaumu, ningefanya hayo hayo. Ndipo naomba mama na vijana wanisikilize hapa, maana niliyachukua kwa tabibu wa macho na nikamsomea mara mbili kuhakikisha. Akipatwa mtu na moshi, atoke ulipo, aelekee upepo utokako na pahali pa juu, asisugue macho, akosheke kwa maji safi mengi, kichwa kimeinamishwa upande ili maji yatiririkie nje yasiingie jicho jingine. Maziwa na vitunguu viacheni jikoni. Nguo alizovaa zifuliwe mbali na nyingine. Lakini akipigwa jicho na kitu kigumu, mambo ni kinyume: lisioshwe, lisikandamizwe, lisitiwe wanja wala asali wala dawa ya aina yoyote. Chukueni kikombe cha karatasi, mkate kitako chake, mlifunike jicho kwa hicho bila kuligusa, ukingo wake ukae juu ya mfupa, mkifunge, mumkimbize hospitali. Jicho lililopasuka ni kama yai lililopata ufa. Ukilibonyeza, kilichobaki ndani hutoka.

Lake lilikuwa limepasuka. Siku ya tatu tabibu akasema liondolewe. Nyanya yake, ambaye ndiye aliyemlea, akakataa kata kata. "Mwampokonya la pili?" akauliza. Kwake yeye jicho lisiloona ni jicho bado. Ni uso wa mjukuu wake. Waliniita mimi nikae kati, kwa vile ati najua kusema na watu wa kalamu.

Nikamkuta tabibu ana sababu ambayo sikuwahi kuisikia. Yako maradhi, asema, ni ya nadra lakini yapo, ambayo jicho moja likiumizwa vibaya, la pili ambalo halikuguswa huanza kuvimba na kuharibika. Ndani ya jicho mna vitu ambavyo askari wa mwili, wale wapambanao na magonjwa, hawajapata kuviona tangu mtu kuzaliwa. Jicho likipasuka wakaviona, huvidhania ni adui. Basi huvifuata hata kwenye jicho zima. Yaweza kutokea baada ya majuma, yaweza kutokea baada ya miaka. Kuliondoa mapema lililokufa, aghalabu kabla ya majuma mawili, ni njia moja ya kulikinga lililo hai. Louis Braille, Mfaransa yule aliyewatengenezea vipofu maandishi ya nukta, alijichoma jicho moja kwa chombo cha babaye fundi ngozi akiwa na miaka mitatu, na hakufika mbali utotoni kabla ya kupoteza na la pili.

Nilimweleza bibi yule kwa Kiswahili chake. Nikamwambia, "Bi mkubwa, jicho hili lililobaki lataka kumlilia mwenzake, nalo likilia sana litakwenda naye." Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Basi na watoe." Mwenyezi Mungu anisamehe kama nilitia mapambo, maana yake ilikuwa ni ile ile.

Liliondolewa. Sasa amevaa la kioo, ambalo humsumbua siku za vumbi.

Mashtaka ndiyo yaliyotushinda. Hapa ndipo mimi na nyanya yake tulipokosa, na nakiri hadharani. Yeye alisema, "Yaate mwanangu, Mngu yuwaona." Akatoa ile hadithi ijulikanayo kwa wengi wenu, ambamo macho yameitwa vipenzi viwili vya mja, na mwenye kunyang'anywa hivyo akasubiri ameahidiwa Pepo. Nami nikaitikia. Nilijua vilevile, tangu chuoni kwa maalim wangu, kuwa subira ni baina ya aliyedhulumiwa na Mola wake. Haikufanywa kuwa cheti cha ruhusa kwa aliyedhulumu. Sura ya al-Maida, aya ya 45, yalitaja jicho kwa jina lake katika haki zinazodaiwa, ndipo ikataja msamaha. Haki imetangulia. Na huwezi kumsamehe mtu ambaye hajakubali kuwa amekukosea, wala hata jina lake hulijui.

Wanazuoni hawakuliacha jicho bila hesabu. Diya ya macho mawili ni diya kamili ya mtu, ngamia 100. Ya jicho moja ni 50. Kwa bei ya ngamia mnadani Garissa, fanyeni hesabu wenyewe. Na mwenye jicho moja akipofushwa hilo hilo lililobaki? Imam Malik na Imam Ahmad walisema alipwe diya kamili, maana kwake yeye lilikuwa ndio macho yote. Madhehebu yetu ya Shafi'i husema nusu. Wako pia waliosema kuwa kosa la mtumishi wa dola hulipwa na Baitulmali. Nilikuwa nikiyazungumza hayo barazani kama masuala ya kitabu, kijana mwenyewe amekaa pembeni, sindano mkononi. Akaniuliza, "Ami, sasa hayo yote ni ya vitabuni tu?" Nikaona haya. Usiku ule nilimwandikia beti moja, nikiazima sauti yake:

Uzi u kwenye mkono, sindano sasa sioni,
Tundu limekuwa neno, uzi wapita pembeni,
Kofia zangu mfano, zavaliwa hadharani,
Nijibuni kwa maneno, jicho lina bei gani?

Shairi ni rahisi. Sheria ina saa yake. Mtu akitaka kuidai serikali fidia kwa madhara ya kawaida ya mwili, sheria ya Kenya imempa miezi 12 tu. Sisi tulikuwa tukisubiri, mwaka ukapita, na mlango ule ukafungwa. Mwanasheria kijana, aliyetusikiliza bila malipo, alitwambia umebaki wa Katiba, kwa kuwa Kifungu cha 37 kimempa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na cha 29 kimemlinda mwili wake. Umebaki pia mlango wa IPOA, mamlaka inayochunguza mienendo ya polisi. Na akatuonyesha jambo katika Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, katika jedwali la sita, ambalo nilijionea fedheha kutolijua baada ya miaka yote hii ya kuandika: kwamba askari waliopo, nguvu zao zikimjeruhi mtu, ni wajibu wao kumpatia matibabu papo hapo na kuwapasha habari jamaa zake. Kijana yule alibebwa na wenzake kwa tuktuk.

Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilitangaza tarehe 1 Julai 2024 kuwa katika maandamano yale waliokufa ni 39 na waliojeruhiwa 361. Waliokufa walitajwa majina, wakazikwa, wakaombolezwa. Hao 361 ni kina nani? Sikuandika habari ya hata mmoja wao, na mmoja alikuwa akipita mbele ya mlango wangu kila alfajiri kwenda msikitini. Agosti 2025 Rais aliunda jopo la kushughulikia fidia za walioumizwa katika maandamano tangu 2017. Mwezi uliofuata mahakama ikalisimamisha. Wanasheria wakawa na lao la kusema, wanasiasa na lao. Mshona kofia hakuulizwa.

Nchi nyingine zimefika mahali. Huko Chile, Novemba 2019, mama mmoja aitwaye Fabiola Campillai alikuwa akielekea kazini zamu ya usiku alipopigwa usoni na mkebe wa moshi. Alipoteza macho yote mawili, na kunusa, na kuonja. Mwaka 2021 wananchi wenzake walimchagua kuwa seneta, na mwaka 2022 askari aliyeufyatua mkebe ule alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 12. Habari hii nilimsomea bibi yule. Hakusema kitu juu ya useneta. Aliuliza tu, "Walimjuaje askari mwenyewe?"

Kisha akainuka, akaingia ndani, akakawia. Aliporudi alikuwa na kitu kilichofungwa kwa kipande cha leso. Alikifungua juu ya mkeka. Ulikuwa mkebe wa bati, mfupi, umebonyea upande mmoja, una madoa ya moshi. Mmoja wa waliombeba mjukuu wake aliuokota siku ile ile, akauacha mlangoni. Yeye akautia sandukuni, chini ya nguo zake za Idi, asimwambie mtu. Mwaka na zaidi tulikuwa tukizungumza subira na diya juu ya sanduku lile.

Una maandishi ya Kiingereza ubavuni, mengine yamebabuka. "Soma, mwanangu," akaniambia. "Yasema nini?"

Nikavaa miwani. Zilikuwapo tarakimu, ambazo mwanasheria asema ni za toleo na kwamba zaweza kuonyesha ulitolewa kwa nani. Chini yake palikuwa na onyo. Nikamfasiria: kisifyatuliwe moja kwa moja kumwelekea mtu.

Nilijua hilo. Hata mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2020 wasema mikebe isilengwe watu, na ifyatuapo ipande juu iteremke, isiende sambamba na nyuso. Lakini yeye aliuchukua mkebe mkononi, akaupitisha kidole juu ya herufi asizozijua, mara mbili.

"Yaliandikwa," akasema.

"Yaliandikwa, Bi mkubwa."

"Na yule alijua kusoma?"

Kila asubuhi, baada ya Swala ya Alfajiri, bibi huyu hukaa kibarazani na kibao cha sindano ishirini na kitu. Ana miaka sabini na zaidi, na miwani yake imefungwa kwa uzi upande wa sikio. Huzitia nyuzi sindano zote, moja baada ya moja, akazichomeka safu juu ya kitambaa, ili mjukuu wake akianza kazi asiwe na haja ya kutafuta tundu. Kijana amejifunza viua upya kwa kugusa, kidole cha kushoto kikiwa chini ya kitambaa kuipokea ncha. Kofia ya kwanza ilikwenda kombo. Ya tatu ilinunuliwa.

Jumatatu tunakwenda IPOA, sisi watatu. Amenitaka niwaandikie maelezo kabla ya kufika, kwa vile Kiswahili cha ofisini humbabaisha. Nimekwisha kuandika ukurasa mmoja. Sikuandika "vitoza machozi vilitumiwa". Nimeandika: askari alimlenga kijana huyu kwa mkebe wa bati, ukampiga jichoni, na mkebe wenyewe ndio huu.

Bibi ataubeba yeye. Amesema hampi mtu.